Kopo la Hela: Ni Nani Ajuaye Thamani ya Sarafu Kuukuu?

  

Wengi mtalikumbuka kopo la biskuti lililokuwa likikaa katika kabati la Chama cha Historia, nyuma ya ramani iliyochanika. Ndani yake mna sarafu kuukuu 43. Nyingine zililetwa na wanafunzi kutoka makwao, nyingine zilifukuliwa wakati wa kuchimba msingi wa jiko, na nyingine hakuna ajuaye zilikotoka. Katika mkutano wetu uliopita ilitolewa hoja kwamba, kwa kuwa paa la bweni moja linavuja na michango yetu haitoshi, kopo hilo liuzwe. Mwenzetu mmoja alisimama akasema amesikia kuwa sarafu za Wajerumani zenye picha ya tembo huuzwa Ulaya kwa bei ya kununulia shamba. Watu wakapiga makofi. Kamati ikanikabidhi mimi kazi ya kutafuta thamani ya vitu hivyo, kwa sababu nilisoma historia Chuo Kikuu, na pia kwa sababu mtumishi wa serikali hudhaniwa kuwa anajua kuandika ripoti.

Nimeifanya kazi hiyo, na makala haya ndiyo ripoti yenyewe. Ndani yake mna pia ungamo ambalo nimelibeba tangu nikiwa kidato cha pili. Nitalitoa mahali pake.

Jinsi hela zilivyofika kwetu

Kabla ya kuuliza bei hapana budi tuulize asili. Sarafu za kwanza za Kijerumani katika nchi hii zilipigwa mwaka 1890 kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Palikuwa na pesa ya shaba nyekundu, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ili watu wa pwani waipokee bila wasiwasi. Palikuwa pia na rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma. Rupia hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya Kihindi iliyokuwa imekwisha kuzoeleka, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904, serikali ya kikoloni ilipokuwa imeichukua kazi ya kutoa sarafu, hesabu ilibadilishwa: rupia moja ikawa heller 100. Babu zetu waliitamka heller kuwa hela. Mjerumani ameondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini kila aendaye sokoni Mwanjelwa bado analitaja jina la sarafu yake.

Huku Nyanda za Juu sarafu haikuja kwa mapenzi ya watu. Mkwawa alifariki Julai 1898, na mwaka huohuo ndipo kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa katika koloni. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyopita serikali ilitaka sarafu tu. Asiyekuwa na ng'ombe wa kuuza alifunga mzigo wake akaenda kutafuta kibarua mbali, arudi na rupia za kumpa akida. Kwa hiyo zile heller zilizosagika katika kopo letu, ambazo taji lake halionekani tena, zimepita katika mikono ya watu waliozipata kwa jasho na kuzitoa kwa kulazimishwa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilifunga njia ya bahari, na sarafu mpya hazikuweza kuletwa tena kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga sarafu wenyewe mjini Tabora, kwa kutumia karakana ya reli. Walitoa heller 5 na heller 20 kwa shaba ya kuokoteza, yakiwamo maganda ya risasi. Heller 20 zilitoka kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano pia. Walitoa vilevile sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ina tai wa dola, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Huyo ndiye tembo aliyepigiwa makofi katika mkutano wetu. Zilitolewa 16,198 tu. Sarafu zote za Tabora zina herufi T, na ukizitazama utaona mara moja kuwa zilipigwa kwa haraka na kwa vifaa duni.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Jeshi la Jenerali Wahle likarudi nyuma kuelekea kusini-mashariki, likatokea huku kwetu. Wakati huo Waingereza wa Jenerali Northey, waliotokea upande wa Nyasaland, walikuwa wamekwisha kupigana Malangali mwezi Julai na kuingia Iringa tarehe 29 Agosti. Oktoba na Novemba mapigano yakawa Ngominyi, Lupembe na Ilembula. Kwa hiyo asishangae mtu akiokota sarafu ya Tabora katika shamba la mahindi huko Njombe. Askari na wapagazi walipita na kununua chakula huku, wengine wakatoroka, na wengi wakazikwa hukuhuku.

Maneno mazuri kwa sarafu zilizochakaa

Sasa nije kwenye swali la Kamati. Bei ya sarafu kuukuu hutegemea mambo matatu: kama ni halali au bandia, kama ni adimu, na imechakaa kiasi gani. Hilo la tatu ndilo lenye ugomvi, maana hupimwa kwa macho.

Zamani wauzaji wa Ulaya walitumia maneno matupu. Mwingereza akisema sarafu ni "nzuri", ana maana kwamba imesagika sana lakini unaweza kuitambua. Mjerumani naye, akisema schön, neno ambalo maana yake ni "nzuri", anakuonya kuwa imechakaa. Akisema sehr schön, yaani "nzuri sana", ana maana ya daraja la kati tu. Sarafu safi kweli ataiita vorzüglich, na ile ambayo haikupata kutumika ataiita Stempelglanz, yaani yenye mng'ao uleule iliotoka nao kwenye chapa. Mtakumbuka ripoti zetu za mwisho wa muhula, ambamo mwalimu wa darasa aliandika "amejitahidi" na baba akaelewa vizuri kwamba mtoto amefeli. Ndivyo lugha ya wenye sarafu ilivyo.

Tatizo ni kwamba neno moja halikuwa na uzito mmoja kila mahali. Kwa kawaida Mmarekani alikuwa mkarimu kuliko Mwingereza: sarafu iliyopewa daraja la juu New York iliweza kushushwa ngazi moja ikifika London. Mnunuzi aliyeagiza kwa barua alikuwa akinunua neno, si sarafu.

Namba sabini

Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, Dakta William Sheldon, alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake, za mwaka 1793 hadi 1814. Humo alipendekeza namba badala ya maneno. Sarafu iliyosagika hadi ikabaki kutambulika tu aliipa 1, na iliyo kamilifu aliipa 70. Msingi wake ulikuwa bei ya wakati ule: kama iliyochoka kabisa ilikuwa na thamani ya dola 1, basi iliyo kamilifu ilifika dola 70. Baada ya muda mfupi bei zilibadilika, na uwiano huo ukafa. Namba zikabaki. Leo watu wengi duniani hupima sarafu kwa kipimo chenye mwisho wa 70, na wengi hawajui kwa nini si 100.

Wala namba zote 70 hazitumiki. Zinazotumika ni 30. Kuanzia 60 hadi 70 ni sarafu ambazo hazikupata kutumika kabisa. 50, 53, 55 na 58 ni zilizoguswa kidogo. 40 na 45 zimechakaa kidogo kwenye sehemu zilizoinuka. Halafu kipimo kinashuka mpaka 1. Hapa kuna jambo la kuwafikirisha wadogo zetu. Sarafu ya 58, iliyotumika kidogo tu, mara nyingi huwa nzuri kwa macho kuliko ya 60, ambayo haikutumika lakini imejaa mikwaruzo ya kugongana na wenzake ndani ya gunia. Kipimo kinasema ya 60 iko juu. Jicho linasema vingine.

Nawaambieni pia jambo la kusikitisha juu ya mwenye kipimo. Dakta Sheldon alifariki mwaka 1977. Baadaye iligundulika kwamba alikuwa akichukua senti safi kutoka hazina ya Shirika la Sarafu la Marekani kule New York, na kuacha za kwake zilizochakaa mahali pake. Aliyeifundisha dunia kutofautisha sarafu nzuri na mbaya aliutumia ujuzi huohuo kuiba.

Kampuni tatu, mizani tatu

Shirika jingine la wapenda sarafu la Marekani lilianzisha idara iitwayo ANACS, ambayo mwaka 1972 ilianza kutoa vyeti vya kuthibitisha kama sarafu ni halali. Mwaka 1979 ikaanza kutaja na daraja, kwenye cheti chenye picha, nayo ilitoa namba mbili, moja kwa kila upande wa sarafu. Mwaka 1986 ikafunguliwa PCGS. Hiyo ilitoa namba moja tu, baada ya wakaguzi kadhaa kuitazama sarafu kila mmoja peke yake, kisha ikaifungia sarafu ndani ya kasha gumu la plastiki lisiloweza kufunguliwa bila kuvunjwa. Mwaka 1987 ikafuata NGC kwa utaratibu wa namna hiyo. Leo PCGS na NGC ndizo zinazoongoza duniani, na hata sarafu za koloni la Kijerumani hupelekwa huko.

Zote zinatumia kipimo cha 70. Je, 55 ya mmoja ni sawa na 55 ya mwingine? Hapana, si lazima. Wapo wanaotazama kuchakaa na mikwaruzo tu. Wapo wanaochanganya na mng'ao, rangi na mvuto wa sarafu nzima, yaani wanajiuliza soko litaipokeaje. NGC huongeza alama ya nyota kwa sarafu yenye mvuto wa pekee, bila kugusa namba. Mwaka 2010 PCGS na NGC zote mbili zilianza kutumia alama ya kujumlisha kwa sarafu iliyo bora ndani ya daraja lake, ishara kwamba namba 30 hazikutosha. Mwaka 2007 ilianzishwa CAC, na mmoja wa waanzilishi wa NGC. Kazi yake ilikuwa kuzitazama sarafu za Kimarekani zilizokwisha kufungiwa na wengine, na kubandika kibandiko cha kijani kwenye zile tu zinazostahili daraja lililoandikwa. Fikirini: msahihishaji wa kuwasahihisha wasahihishaji!

Hata serikali iliingia. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani iliishtaki PCGS kwa kutia chumvi katika matangazo yake kuhusu usahihi na uthabiti wa madaraja yake. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano. Na wenye sarafu nao wana hila zao: aliyepewa 58 akiamini anastahili 60 hulivunja kasha akaituma tena, na tena, mpaka siku atakapopata mkaguzi mwenye moyo laini. Kila safari hiyo inahesabiwa kama sarafu mpya katika takwimu za kampuni.

Msidhani kwamba haya ni ya Wamarekani tu. Mwezi Mei 2013 serikali yetu ilifuta matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyokuwa yametangazwa mwezi Februari, ikaagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Majibu ya wanafunzi hayakubadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni mizani. Kijana aliyelala akiwa amefeli aliamka akiwa amefaulu.

Tembo wa mwenzetu

Kazi ya kwanza ya mthibitishaji ni kusema kama sarafu ni halali, kabla hata ya daraja. Hilo tulijifunza kwa uchungu mjini Mbeya. Yule mwenzetu aliyezungumza mkutanoni alikuwa na tembo wake mwenyewe, aliyeachiwa na mjomba wake marehemu. Alikuwa amekwisha kuahidi kumwuza na kutoa nusu ya fedha kwa ajili ya paa. Tukaenda naye kwa mzee mmoja mnunuzi wa dhahabu, ambaye tangu ujana wake amekuwa akinunua dhahabu ya Chunya.

Tukamwamkia, naye akaipokea sarafu kwa ncha za vidole. Tembo wa halali ana uzito wa gramu 7.17, na robo tatu yake ni dhahabu tupu. Mzee aliiweka kwenye mizani. Ikasoma gramu 4.2. Akaifunga uzi, akaitumbukiza majini, ikapungua nusu gramu. Tembo wa halali naye hupungua takriban nusu gramu, kwa kuwa ukubwa ni uleule. Uzito ndio uliomsaliti.

"Mwanangu," mzee akamwambia mwenzetu, "hii ni shaba iliyopakwa rangi. Haijapata kuwa dhahabu hata siku moja."

Mwenzetu akashukuru, akaitia mfukoni. Kutoka Mbeya mpaka Makambako hakusema neno. Tuliposhuka kunywa chai aliniuliza kama mjomba wake alijua. Sikuwa na jibu.

Ungamo

Katika kopo la shule hamna tembo. Mna heller 1 nyingi, mna heller 10 zenye tundu katikati, mna rupia chache, na mna sarafu mbili za heller 20 za Tabora: moja ya shaba nyekundu, moja ya shaba ya njano. Hizo mbili ndizo adimu kuliko nyingine zote. Mwenzetu aishiye Ujerumani alipokuja likizo, tulimkabidhi hizo mbili kwa kibali cha maandishi cha Mwalimu Mkuu, akazipeleka kwa kampuni moja ya kuthibitisha.

Zilirudi zote mbili zikiwa ndani ya makasha. Ya shaba nyekundu imepewa 55. Akamwonyesha vilevile muuzaji wa sarafu wa Kijerumani, naye akaiweka kati ya sehr schön na vorzüglich, yaani chini kidogo ya hapo. Nimeichunguza sababu. Ile chapa ya Tabora haikubonyea vizuri, na sehemu ya taji imetoka hafifu tangu siku ya kwanza. Mmoja aliona udhaifu wa karakana, mwingine aliona kuchakaa kwa mikono. Hakuna aliyedanganya. Ni macho mawili tu.

Ya shaba ya njano haikupewa namba kabisa. Kwenye kasha lake imeandikwa kuwa ni halali, lakini imesafishwa.

Wandugu, aliyeisafisha ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa Jumamosi kabla ya siku ya wazazi, na Chama cha Historia kilitakiwa kufanya maonyesho. Kaka zetu wa kidato cha nne walisema sarafu zinatia aibu kwa weusi wake. Nikachukua majivu ya jikoni na limau, nikaisugua ile ya njano mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Nikaishika na ile nyekundu. Kabla sijaigusa kwa majivu kengele ya chakula ikapigwa, nami nikakimbilia ugali. Hiyo ndiyo sababu moja ina 55 na nyingine haina kitu. Siku ya wazazi nilisifiwa mbele ya watu kwa kazi nzuri ya usafi.

Ngozi ya juu ya sarafu, ule weusi ulioukusanya kwa miaka, haurudi. Mkaguzi akiiona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja anajua mara moja kwamba kuna mkono uliosugua. Katika jambo hili kampuni zote zinakubaliana. Zamani nyingine zilikuwa zikiirudisha sarafu ya namna hiyo bila kuifungia. Siku hizi PCGS na NGC huifungia na kuandika kasoro yake, bila namba. Hayo majivu yangu ya dakika kumi yameipunguzia shule fedha nyingi, na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Naomba radhi.

Matundu ya aina mbili

Kuna sarafu moja zaidi ambayo nataka muitazame mtakapofika shuleni. Ni rupia ya fedha ya Kampuni, imesagika, na juu ya kichwa cha Kaisari imetobolewa tundu dogo. Heller 10 nayo ina tundu, lakini hilo lilitobolewa kiwandani, kwa hiyo halipunguzi daraja. Tundu la rupia lilitobolewa hukuhuku kwetu, kwa msumari, na mtu aliyetaka kuivaa. Bibi yangu alikuwa na ya namna hiyo shingoni. Nilipokuwa mdogo alinieleza kwamba mama yake aliificha ile rupia isitolewe kodi, akaitoboa kusudi isipokelewe tena bomani.

Ukiituma rupia hiyo ng'ambo, itarudi na maandishi: halali, imetobolewa. Haitapewa namba, na ni haki, kwa sababu kipimo hicho hakikuundwa kupima kitu kingine isipokuwa uso wa sarafu. Siwalaumu wakaguzi. Lakini kama mwanafunzi wa historia, nikiambiwa nichague moja kati ya 43, nitachukua hiyo yenye tundu. Sarafu yenye 65 maana yake ni kwamba hakuna aliyeitumia. Haikununua chumvi, haikulipa kodi, haikuvaliwa arusini. Imelala tu.

Ushauri wangu kwa Kamati

Kwanza, kopo lisiuzwe. Nimepiga hesabu kwa uangalifu: sarafu nyingi zilizomo ni za kawaida, na gharama ya kuzithibitisha ng'ambo, pamoja na kuzisafirisha na bima, ingemeza sehemu kubwa ya fedha itakayopatikana. Iliyobaki haitoshi hata robo ya mabati. Paa tulichangie kwa mishahara yetu, kama tulivyoahidi. Mimi nitalipa mara mbili ya kiwango kilichowekwa. Mnajua sababu.

Pili, Chama cha Historia kifungue daftari. Kila sarafu ipewe namba yake, ipimwe uzito na upana, iandikwe mwaka, herufi ya kiwanda, mahali ilipopatikana na jina la aliyeileta. Hilo la mwisho hakuna kampuni itakayotufanyia. Ndugu wasomaji wenye kumbukumbu ya nani alileta nini, leteni habari hizo siku ya mkutano kabla wazee hawajaondoka nazo.

Tatu, kila sarafu iwekwe katika bahasha yake ya karatasi, mahali pakavu. Ishikwe kwa ukingo, si kwa uso.

Nne, wadogo zetu, na hili naliandika kwa herufi za moyo wangu: msisafishe. Mgeni atakuja, mwalimu atahimiza, kaka mkubwa atacheka. Mwambieni kwamba ile ya njano iko ndani ya kasha kwenye rafu ya juu, aende akaisome. Nimeomba iwekwe pale pamoja na nyekundu, na chini yake kikaratasi kisemacho ni nani aliyeisugua na mwaka gani.